Kura Haitumwi Kama Pesa

Kenya inapokaribia uchaguzi mkuu, kuna hoja isiyokosa kuibuka, iwe kijiweni au kwenye makundi ya WhatsApp: ikiwa naweza kutuma pesa kutoka Lodwar hadi Lunga Lunga kwa kubonyeza namba chache, kwa nini nipange foleni tangu alfajiri ili nikatie alama kwenye karatasi? Agosti 10, 2027 haiko mbali, tume ya uchaguzi, IEBC, ina makamishna wapya chini ya mwenyekiti Erastus Ethekon, na kizazi kilichozaliwa simu zikiwa tayari mfukoni ndicho kitakachokuwa na kura nyingi. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Lakini naona inatafuta ugonjwa mahali usipo. Ni mara chache mpiga kura kuibiwa pale anapotia alama. Huibiwa baadaye, kura inapohesabiwa, inapojumlishwa na inaposafirishwa. Kwa hiyo mfumo wowote, uwe wa karatasi, wa mashine au wa gololi, naupima kwa swali moja: mtu wa kawaida aliyesimama kituoni, asiye na shahada ya kompyuta, anaweza kuiona hesabu ikifanyika na kwenda nyumbani na takwimu ambazo hakuna ofisi itakayozigeuza bila kugundulika?

Waliokuwa watu wazima mwaka 1988 wanajua kwamba njia ya kupiga kura inaweza kuwa rahisi kupita kiasi. Katika mchujo wa KANU, chama tawala cha wakati huo, mwaka huo hapakuwa na karatasi wala sanduku. Ulisimama nyuma ya mgombea wako au wakala wake, mkahesabiwa. Aliyevuta zaidi ya asilimia 70 ya watu alipita moja kwa moja bila kwenda kwenye kura ya siri. Chifu alikuona, mwajiri alikuona, jirani mliyegombania mpaka wa shamba alikuona. Wengi tunaukumbuka uovu huo wa kuonekana na kuusahau wa pili, ambao kwangu ndio mzito zaidi: kulikuwa na maeneo ambako mlolongo mfupi ulitangazwa mshindi mchana kweupe, na watu walipotawanyika, ushahidi nao ukatawanyika. Kila mtu aliona, na hakuna aliyeweza kuthibitisha. Moi aliuondoa mfumo huo Desemba 1990, baada ya kamati ya Makamu wa Rais George Saitoti kuzunguka nchi ikisikiliza malalamiko. Ng'ambo ya mpaka bado haujazikwa: Uganda walipanga mstari kuchagua wenyeviti wa vijiji, LC1, mnamo Julai 2018, na chama tawala, NRM, kikatumia mstari huohuo katika mchujo wake wa Julai 2025.

Kwa hiyo uwazi peke yake hautoshi, na hapa ndipo mjadala wetu hupenda kuchanganya mambo. Chaguo la mtu linapaswa kufichwa, hesabu ya kura inapaswa kuanikwa, na baada ya yote lazima kibaki kitu cha kurudia kukihesabu watu wakigombana. Mlolongo wa 1988 ulikosea mara mbili: ulianika kilichotakiwa kufichwa, na haukuacha kitu nyuma.

Gambia walilitatua fumbo hilo tangu 1965 kwa njia ambayo wageni huicheka mpaka waelezwe inavyofanya kazi. Ndani ya chumba cha kupigia kura hupangwa mapipa ya chuma, kila moja limepakwa rangi ya chama na kubandikwa picha ya mgombea. Mpiga kura hupewa gololi moja. Huingia nyuma ya pazia, huitumbukiza kwenye bomba lililo juu ya pipa la mtu wake, na ndani ya pipa gololi hugonga kengele. Maafisa walio nje wanaisikia. Ikilia mara moja, mambo sawa. Ikilia mara mbili, kuna mtu ameingia na gololi yake mfukoni. Chini ya pipa humwagwa mchanga au unga wa mbao ili gololi isidunde na kuleta mlio wa pili wa uongo, na baiskeli hazitakiwi karibu na kituo kwa sababu kengele zake zingewababaisha makarani. Jioni gololi hupangwa kwenye sinia zenye vishimo 200 au 500. Sinia ikijaa, hata mtoto anajua ni ngapi.

Mwaka 2016 mfumo huo ulikutana na Yahya Jammeh, aliyekuwa madarakani tangu mapinduzi ya 1994. Safari hiyo gololi zilihesabiwa palepale kituoni badala ya kubebwa kwanza, na mpinzani wake Adama Barrow akatangazwa mshindi. Siku chache baadaye tume yenyewe ikagundua kosa la kujumlisha na kurekebisha: pengo lilipungua, mshindi akabaki yuleyule. Jammeh, aliyekuwa amekwisha kukubali kushindwa, akashika kosa hilo kama sababu ya kugeuka, na ikabidi majeshi ya jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ECOWAS, yavuke mpaka ndipo aondoke Januari 2017. Kinachonivutia ni hilo rekebisho. Tume iliweza kusema hadharani "tulijumlisha vibaya" na bado ikaaminika, kwa kuwa hesabu za vituo zilikuwa zimeshuhudiwa na zilikuwapo za kurudia. Gololi zina kasoro zake, wagombea wakiwa wengi chumba kinajaa mapipa. Lakini mama asiyejua kusoma huko Basse anauelewa mfumo wake wa uchaguzi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni mapofesa wangapi wa Nairobi wanaoweza kusema hivyo kuhusu seva za IEBC?

Tuje kwenye mashine, tena tuanze na ile iliyofaulu, maana si haki kuihukumu teknolojia kwa mifano mibaya tu. Brazil ilianza kutumia kisanduku cha kielektroniki mwaka 1996 na kufikia 2000 kikawa nchi nzima. Kina vitufe vya namba kama vya simu ya mezani. Unabonyeza namba ya mgombea, picha yake inatokea, ukiridhika unabonyeza kitufe cha kijani. Nchi ambayo wasiojua kusoma walirudishiwa haki ya kupiga kura mwaka 1985 tu ilikuwa ikipoteza kura zao kwa wingi, kwani karatasi iliwataka waandike majina au namba. Mashine ilipokuja, kura zilizoharibika zilipungua sana, na walionufaika zaidi ni maskini. Hiyo ni hoja nzito, nami naichukua kwa uzito wake. Angalia tu jambo ambalo mashabiki wa mashine hawalitaji: kituo kinapofungwa, kila kisanduku huchapisha karatasi ya matokeo yake, nakala hubandikwa mlangoni na vyama huchukua zao. Matokeo yanakuwa mali ya mtaa kabla hayajafika Brasília. Hata hivyo, hakuna karatasi ya kura moja moja ya kuhesabu upya, na Rais Jair Bolsonaro alipoanza kuwaambia wafuasi wake kwamba mashine zinaiba, bila ushahidi wowote, hapakuwa na rundo la karatasi la kumwagwa mezani ili kumnyamazisha. Yeye alifungiwa Juni 2023 asigombee hadi 2030, lakini wafuasi wake walikuwa wamekwisha kuvamia majengo ya serikali Januari 8, 2023.

India, yenye wapiga kura zaidi ya milioni 960 waliosajiliwa mwaka 2024, iliona pengo hilo ikaongeza kifaa kinachochapisha kikaratasi. Mpiga kura anakiona nyuma ya kioo kwa sekunde saba, kisha kinadondoka ndani. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa Aprili 2024 ombi la kulinganisha vikaratasi vyote na mashine, ikabakiza vituo vitano kwa kila jimbo la bunge la mkoa. Namibia, nchi ya kwanza Afrika kutumia mashine za India mwaka 2014, ilizitumia bila kikaratasi hicho. Februari 2020 mahakama yake ya juu ikasema hapana, na Novemba 2024 Wanamibia wakarudi kwenye karatasi. Zikapungua vituoni, foleni zikalala usiku, siku za kupiga kura zikaongezwa. Nayataja makusudi haya ya Namibia kwa sababu karatasi nayo ina aibu zake. Lakini uamuzi ninaourudia mara kwa mara ni wa Ujerumani. Machi 2009 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilisema mashine zilizotumika katika uchaguzi wa 2005 zilikiuka katiba. Haikuambiwa kwamba kura ziliibwa, wala haikudai hivyo. Ilisema tu kwamba raia ana haki ya kukagua hatua muhimu za uchaguzi bila ujuzi maalumu, na kwamba kumwambia "wataalamu wameshakagua" hakutoshi. Ireland nao walitumia zaidi ya euro milioni 50 kununua mashine, wakazijaribu katika majimbo matatu mwaka 2002, wakaishia kuziuza kama vyuma chakavu.

Kwetu, hata hivyo, funzo lililo karibu zaidi ni Kongo. Mwaka 2011 wagombea zaidi ya 18,000 waligombania viti 500 vya bunge, na karatasi ya kura katika baadhi ya maeneo ya Kinshasa ilikuwa na kurasa nyingi kama gazeti. Aliyesema itafutwe mashine hakuwa mwendawazimu. Mwaka 2018 ikaja ya skrini kutoka Korea Kusini: unaingiza karatasi, unagusa picha ya mtu wako, mashine inachapisha chaguo, unaitia karatasi sandukuni. Kwa ubunifu, ni nzuri, maana karatasi inabaki. Lakini tume ya uchaguzi, CENI, haikuwahi kutoa matokeo kituo kwa kituo. Kanisa Katoliki, lililokuwa na waangalizi wapatao 40,000, likasema linamjua mshindi na kwamba takwimu zake hazilingani na zilizotangazwa. Miaka imepita na Mkongomani wa Bukavu au Lubumbashi bado hawezi kuchukua matokeo ya kituo chake akayalinganisha na ya taifa. Beni hata nafasi hiyo ya kulalamika waliikosa: uchaguzi wao uliahirishwa kwa sababu ya Ebola na usalama. Siku ya kura wenyeji walijitengenezea vituo vyao wenyewe, wakanawa mikono, wakapanga foleni, wakapiga kura za karatasi ambazo hazikuingia katika hesabu rasmi. Uchaguzi wa Desemba 2023 ukaleta jipya. Mashine zilikutwa mikononi mwa watu binafsi, na Januari 2024 CENI ikafuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu, baadhi yao wakituhumiwa kumiliki mashine hizo. Sanduku la karatasi ukilipeleka nyumbani unahitaji pia karatasi, mihuri na watu wa kutia alama usiku kucha. Mashine inahitaji umeme na karatasi tupu, basi.

Sasa turudi kwenye hoja ya M-Pesa, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote za upande huo ingawa ndiyo inayopendwa zaidi. Ukituma pesa unapata ujumbe wenye jina la mpokeaji, kiasi na saa. Ukikosea unapiga simu kwa kampuni, wanafuatilia, pengine wanarudisha. Yote hayo yanawezekana kwa sababu kampuni inajua wewe ni nani na umempa nani nini. Kura inataka kinyume chake kabisa: tume ijue kwamba umepiga, isijue umempigia nani, na wewe usiwe na risiti ya kumwonyesha mtu. Siku utakapopata ujumbe wa "kura yako imepokelewa na fulani", aliyekupa shilingi 500 jana atakuomba simu auone. Usipopata ujumbe, huna njia ya kujua simu yako ilimtumia nani. Estonia, wanaopiga kura kwa intaneti tangu 2005 na ambao zaidi ya nusu ya kura zao za Machi 2023 zilipigwa hivyo, wamepunguza tatizo hilo kwa kumruhusu mtu kubadili kura yake mara nyingi, na hata kwenda kituoni kupiga ya karatasi inayofuta ile ya mtandaoni. Ni werevu. Lakini ni nchi ya watu milioni 1.3 wenye vitambulisho vya chipu wanavyovitumia kila siku, na hata huko chama kilichoshindwa kilikwenda mahakamani. Kwetu, mwenye nyumba, mume au msimamizi wa shamba la chai angekaa kando ya mpiga kura sebuleni. Kile kibanda cha kadibodi kituoni, kinachochekwa kwa sura yake, ndicho mahali pekee katika miaka mitano ambapo mtu huyo haruhusiwi kuingia.

Upande wangu nao una hoja yake mbovu, na ni afadhali niitupe mwenyewe: kwamba wazee wa vijijini hawaiwezi mashine. Wahindi na Wabrazili wamekwisha kuikanusha, na mama mboga anayeendesha hesabu zake zote kwenye simu anaikanusha kila jioni. Wala sisemi karatasi ni nyepesi. Mkenya hupewa karatasi sita, rangi sita, masanduku sita, na mtu huweza kutoka akiwa ameitia ya seneta kwenye sanduku la gavana. Mwaka 2022 kura za urais zilizokataliwa zilizidi 113,000, wakati William Ruto alimpita Raila Odinga kwa kura 233,211. Asiyeona hulazimika kuja na msaidizi au kumtajia msimamizi chaguo lake mbele ya mawakala, jambo ambalo ni mlolongo mdogo ndani ya chumba. Hayo yanatibika kwa karatasi iliyochorwa vizuri, elimu ya mapema na jalada la nukta nundu kama ambalo Tanzania imewahi kulitumia. Hayahitaji seva.

Tena 2022 imesomwa vibaya. Husemwa kwamba teknolojia ndiyo iliyoleta uwazi mwaka ule. Kilichopakiwa kwenye tovuti kilikuwa nini? Ni picha ya Fomu 34A, karatasi ya matokeo ya urais ya kituo, iliyoandikwa kwa kalamu. Darasa la shule ya msingi, usiku, madawati yamesukumwa ukutani. Msimamizi anainua karatasi, anaizungusha mawakala waione, anataja jina, anaiweka kwenye rundo lake. Mawakala wanachora vijiti kwenye daftari. Inakuja yenye alama iliyovuka mstari kati ya visanduku viwili, ubishi unaanza, tochi inasogezwa, inaingizwa kwenye hesabu ya zinazobishaniwa. Mwishoni wanatia saini, nakala inabandikwa mlangoni, ndipo picha inapigwa. Vituo zaidi ya 46,000 vilifanya hivyo, na mtu yeyote mwenye data za shilingi 50 aliweza kufungua fomu ya kituo chake. Makamishna wanne walipojitenga na matokeo, na kesi ilipofika Mahakama ya Juu, mabishano yalirudi kwenye fomu hizo, picha dhidi ya nakala halisi. Mwaka 2017 mambo yalikwenda kinyume: mahakama iliamuru seva zifunguliwe, tume haikutii ipasavyo, na hilo likawa miongoni mwa sababu za kufuta uchaguzi Septemba 1. Kifungu cha 86 cha Katiba kinataka mfumo ulio rahisi, sahihi, salama na unaoweza kuthibitishwa. "Rahisi" haikuwekwa pale kwa kupamba sentensi.

Msomaji wa Tanzania atanicheka hapa, na ana haki. Zanzibar mwaka 2015 matokeo yalibandikwa vituoni, watu wakayaona, na Oktoba 28 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya huko, Jecha Salim Jecha, akafuta uchaguzi mzima kwa tamko moja. Oktoba 2025 Bara walipewa karatasi ambayo Chadema haimo, mgombea wa ACT-Wazalendo ameenguliwa, mtandao umezimwa, na mshindi akatangazwa kwa karibu asilimia 98. Hakuna gololi wala sinia itakayoponya hilo. Pale tatizo lilikwisha kutokea kabla ya mpiga kura kuamka. Ninachoweza kudai ni kidogo zaidi: karatasi humwongezea mwizi kazi na huhifadhi alama za vidole vyake. Malawi mwaka 2019 waliona fomu zilizofutwa kwa rangi nyeupe ya Tipp-Ex. Februari 2020 majaji waliofika mahakamani wakiwa na fulana za kuzuia risasi waliufuta uchaguzi huo, na wa marudio wa Juni ukamwondoa rais aliyekuwa madarakani. Mashine isiyo na karatasi ingewaachia majaji hao kitu gani cha kushika?

Ikiwa hivyo ndivyo, pesa zinazopigiwa hesabu ya kura ya kidijitali zina kazi nyingine. Taa za uhakika katika madarasa ambayo umeme haufiki. Posho kwa mawakala wa vyama vidogo, ambao huondoka saa nne usiku kwa njaa na kumwachia meza wakala wa chama tajiri. Nakala ya 34A mlangoni inayostahimili mvua. Fomu za ubunge na udiwani kuwekwa hadharani kama za urais, maana wizi wa uchaguzi wa wadi hautazamwi na mtu. Vifaa vya kusoma alama za vidole vibaki, kwa sababu vinamtambua mtu bila kuigusa kura yake.

Kuna kundi moja ambalo sina jibu jepesi kwao, nao ni Wakenya wa ng'ambo. Mwaka 2022 waliweza kupiga kura katika nchi 12, zikiwemo Qatar na Muungano wa Falme za Kiarabu, huku Saudi Arabia yenye maelfu ya wafanyakazi wetu ikiachwa nje. Hao ndio wanaodai kura ya mtandaoni kwa sauti kubwa, na mfano wa kuwatetea upo: Ufaransa, ambako nyumbani watu hutia karatasi kwenye bahasha na kuidondosha katika sanduku linaloonyesha ndani, huwaruhusu raia wake wa nje kuchagua wabunge kwa intaneti, ingawa mwaka 2017 iliufuta mpango huo kwa kuogopa wadukuzi. Kwa daktari wa Kenya aliyeko Toronto ningekubali majaribio ya namna hiyo. Lakini msichana wa kazi wa Riyadh, ambaye pasipoti yake imefungiwa kabatini na simu yake hukaguliwa na bosi, hatapata kura ya siri kupitia simu hiyo. Anachohitaji ni kituo katika ubalozi, siku ya mapumziko iliyoandikwa kwenye mkataba, na serikali yenye ujasiri wa kuidai siku hiyo kwa mwajiri. Mazungumzo hayo ni ya Wizara ya Mambo ya Nje, na yanapaswa kuanza kabla usajili wa wapiga kura wa ng'ambo haujafungwa.